Waranti Yuko Njiani

Siku moja kabla mambo hayajaharibika tulikuwa jikoni tukichambua viazi, mimi na mama, kule Kibirichia. Vikubwa vya kupeleka Gakoromone sokoni, vidogo vya mbegu, vilivyooza vya kutupa. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akitusimamia, kazi aliyoipenda kwa sababu haina jasho. Mama akamwambia, "Mzee wa korti, hukumu yako haijazi gunia." Tukacheka wote. Na kutoka chini ya sakafu Kirimi naye akacheka, mama akagonga mbao kwa mwiko ili anyamaze.

Kirimi ni kaka yangu, mkubwa wangu wa pekee. Alikuwa ameshuka kutoka msituni siku tatu nyuma, mguu umevimba kama mtungi, mwili unawaka moto. Tulimlaza kwenye shimo la mbegu nyuma ya mafiga, tukafunika mbao, juu ya mbao tukatandaza magunia. Wakati ule wa hali ya hatari, mpiganaji wa msituni akikamatwa ilikuwa kamba ya kunyongwa, na anayemficha alijua linalomngoja. Mpango wetu ulikuwa apate nafuu ya kuweza kukanyaga, kisha mjomba wa Manyatta, kule Embu, amchukue.

Sasa nieleze habari za baba. Baba alikuwa tarishi wa korti miaka mingi, akibeba karatasi za hakimu kwa miguu kutoka boma la Meru mpaka kusikofika gari. Karatasi aliyoiheshimu kuliko zote ni waranti. "Bila waranti mutu haingii nyumba ya mutu," alisema. "Hata Bwana DC inangojea mlangoni." Sheria yote ya serikali, kwake, ilikuwa imekaa ndani ya neno hilo moja. Na tulipokuwa wadogo alituchezesha korti. Baada ya chakula alisimama, akaita jina lako lote kwa sauti ya hakimu, nawe ulitakiwa kujibu "Nipo!" papo hapo, popote ulipo. Mimi, Karimi, nilikuwa mzembe. Kirimi alijibu hata akiwa chooni.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito hata zizi hatukuliona. Majirani wote wa juu yetu walikuwa wameshahamishiwa kijiji kipya chenye handaki na miiba. Sisi tuliruhusiwa kubaki hadi tumalize kuchimba viazi. Basi nyumba zilikuwa zimesimama milango wazi, hakuna moshi, na kuku walioachwa walikuwa wakitembea humo ndani kama wenyeji. Niliogopa zile nyumba kuliko nilivyoogopa msitu.

Mbwa wetu hakubweka. Aliingia tu jikoni, akalala chini ya kitanda cha mama.

Nilipotoka niliona kofia. Kofia na mabega, bila miguu, zimeuzunguka ua mzima. Sijui zilikuwa zimesimama pale tangu lini.

Koplo mmoja alisogea mbele. Alitoka Tanganyika, Kiswahili chake kimenyooka, na alimsalimu baba kwa adabu, shikamoo kabisa. Akasema wamekuja kupekua.

Baba akajinyoosha. "Waranti iko wapi?"

Watu walikuwa wamepigwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini koplo hakukasirika.

"Waranti yuko njiani, mzee. Anapanda huku. Tumeambiwa tusiguse kitu mpaka afike."

Loo, mngemwona baba! Aliingia jikoni uso unang'aa kama mtu aliyeshinda kesi. "Mumesikia? Sheria bado iko! Wanangojea waranti."

Lazima nieleze. Kwa baba kila kitu kilikuwa iko na inakuja. Ng'ombe inakuja, mvua inakuja, hakimu inakuja. Ngeli hakuzijua na hakuzihitaji. Yuko na iko kwenye sikio lake zilikuwa sauti moja.

Mama alinong'ona, "Tumtoe kwa nyuma sasa hivi. Ukungu ni mzito." Na kweli, nyuma ya jiko askari walikuwa wawili tu, mbalimbali, na bonde lilianzia hapo hapo. Mimi na mama tungeweza kumburuta. Mpaka leo naipima ile njia kwa macho, hatua thelathini, labda arobaini.

Baba alikataa. "Akitoka ni mtoro, watampiga risasi. Akikaa, tuna karatasi. Karatasi lazima iseme nyumba ya nani na inatafuta nini. Nimebeba mia, najua makosa yao. Nitaisoma pole pole, nitapata kosa, watarudi kuandika ingine. Hapo ndiyo tutamtoa."

Tulingoja karibu saa nzima.

Kisha wale askari wakapiga visigino kwa pamoja, na akaingia mtu.

Alikuwa mrefu, mweusi tititi, umri wa baba hivi. Kwenye mkono wa shati alikuwa na beji ya taji. Hakuwa na karatasi mkononi. Alitazama mafiga, akatazama magunia, akamtazama mama, bila haraka, kama mgeni anayetafuta pa kukaa.

Baba akanyoosha mkono apewe waranti.

Yule mtu akaushika, akamsalimu.

"Waranti," baba akasema. "Naomba waranti."

"Ndiye mimi," alijibu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya upole. "Waranti ofisa. Unanitaka nini, mzee?"

Niliona baba anaelewa kwamba waranti hii ni cheo cha jeshi, si karatasi. Ilichukua muda, na ilikuwa vibaya kutazama. Lakini ukaidi wake ulikuwa wa kikazi. Akasema, "Waranti lazima isome jina. Soma jina."

Askari mmoja alicheka. Waranti hakucheka. Alifungua mfuko wa shati, akatoa daftari dogo la majina ya watu walioingia msituni, akapitisha kidole. Akasimama wima. Na akasoma kwa sauti ya korti, sauti ile ile ya mchezo wa baba.

"Kirimi, mwana wa Mutuma!"

"Nipo!"

Ilitoka chini ya miguu yetu. Ilikuwa sauti ya mtoto, nyembamba, yenye furaha. Homa ilikuwa imemrudisha nyuma miaka kumi na tano.

Askari waliruka. Koplo alisema, "Astaghfirullah," akarudi hadi mlangoni. Hata Waranti aliinua mguu mmoja, akauweka tena polepole.

Mama alikaa chini.

Walipomtoa, udongo masikioni, Kirimi alimtazama baba akauliza, "Nisimame au nikae?" Waranti ndiye aliyemwambia, "Kaa, kijana," na wakambeba kwa blanketi letu kuingia ukunguni. Hatukumwona tena. Baada ya wiki tuliambiwa mguu ndio uliomuua kabla ya kamba. Kaburi hatukuonyeshwa. Baba alikaa kizuizini miaka miwili, akarudi, akalima viazi, na korti hakuitaja.

Nilikuja kuwa mwalimu. Mwaka wa mwisho wa uhai wake baba aliniita kitandani. Alikuwa ameliweka swali lile miaka yote hiyo.

"Karimi, wewe umesoma. Yule koplo. Mutu anayejua Kiswahili angesikia kwamba anasema mutu, si karatasi?"

Siku ile ya ukungu mimi nilikuwa nimeshamaliza darasa la sita misheni. Yuko. Anapanda. Mpaka afike. Nilisikia. Nilijua ni mtu tangu neno la kwanza, nikanyamaza, kwa sababu baba alikuwa anang'aa, na msichana wa kwetu hamsahihishi baba yake mbele ya mama. Saa nzima nilinyamaza.

"Hapana, baba," nilimwambia. "Askari walikuwa wanaongea ovyo. Hakuna ambaye angejua."

Akashusha pumzi. "Mungu asifiwe," akasema, akaomba maji.