Sketi ya Mama Maua

Bosi wangu ofisini tunamwita Mama Maua, ingawa kwake huoni hata chungu kimoja cha maua. Kazi yake ni kurekodi ua fulani jekundu la jangwani linaota wapi. Yangu ni kuendesha gari. Akiliona, hupiga dashibodi kofi: “Simama, baba!” Hushuka peku, maana viatu, anasema, havina macho, kisha huchuchumaa na kulibembeleza kama kichanga. Jana, akiwa amechuchumaa hivyo, walitukuta watu wanaoyang'oa maua hayo kwenda kuyauza. “Mama, maua mekundu yako wapi?” Bila kuinuka, akawaonyesha kilima tulikotoka, kwenye mawe matupu. “Kule, wanangu! Yamejaa tele.” Wakatimua vumbi. Ndipo akakusanya sketi yake pana, ua likachomoza chini yake. “Pole, mwanangu,” akaliambia. Kisha akaninong'oneza vipimo vya mahali pale niviandike, na jangwa zima tulikuwa wawili tu.