Maneno Niliyoyakata Kabla ya Wimbo

Mwanangu, nimesikia umepata kazi ya kuweka nyimbo na picha za wazee wetu kwenye mtandao. Nimefurahi. Lakini kabla hujaanza, kaa nikusimulie siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa Busia. Nilikuwa kijana mwenye cheti cha kompyuta na majivuno makubwa kuliko cheti chenyewe. Kituo kimoja kidogo cha utamaduni kilikuwa na kanda za nyimbo zilizorekodiwa vijijini, nami niliajiriwa kuziingiza kwenye kompyuta. Kutoka hapo zilipelekwa Nairobi kwa disketi, zikawekwa kwenye intaneti. Disketi haibebi mengi, kwa hiyo ilinibidi kupunguza.

Sasa, kwa akina mama walioimba kwenye kanda zile, mwimbaji hakurupuki tu kuimba. Hujitaja kwanza: yeye ni binti wa nani, ameolewa wapi, watoto wake ni akina nani. Mimi niliyakata maneno hayo yote. Waliokuwa wakituandikia barua ni maprofesa, nao walitaka wimbo, basi nikadhani hakuna wasikilizaji wengine duniani. Kisha nikarekodi nyimbo mpya juu ya kanda zilezile, maana kanda tupu zilikuwa adimu. Hakuna aliyenituma. Nilijiona mwerevu.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja kutoka Budalang'i, jina lake Nabwire, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mama yake mzazi alikuwa amefariki, na mafuriko yalikuwa yamebeba picha zake zote. Alikumbuka kwamba watu wa kituo waliwahi kumrekodi marehemu akiimba.

"Majina hatuweki, mama," nikamwambia. "Nipe namba ya wimbo."

"Mimi sijui mambo ya namba, kijana. Nataka tu kusikia mama."

Msimamizi wetu, Mwalimu Wandera, mzee aliyekuwa amestaafu ualimu, alisikia akiwa mezani kwake. Akamuuliza Nabwire ni kijiji gani, ilikuwa shughuli gani, akautafuta wimbo mwenyewe daftarini. Tukaucheza. Zikatoka sauti nyingi za wanawake wakiitikiana. Nabwire aliinamia spika, amefumba macho, na hakuweza kumtambua mama yake.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Pale alikuwa anaongea peke yake. Alitutaja sisi wote. Mimi alinitaja mwisho, mimi ndio kitindamimba."

Mwalimu akanigeukia. "Iko wapi hiyo sehemu?"

"Niliikata, Mwalimu. Nilifikiri ni maneno ya bure. Na kanda nimesharekodia ingine."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonichoma. "Ulimuuliza nani? Profesa akikosa hii, ataandika kitabu na ingine. Huyu mama naye aende wapi?"

Nabwire hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema tu, "Basi, cheza hiyo imebaki." Akaisikiliza mara tatu, akashukuru, akatoka. Mwanangu, nililia siku hiyo, na kulia kwangu hakukumrudishia chochote.

Kwa hiyo nisikilize. Ukikaa kwenye kompyuta yako, usidhani anayetafuta ni wa aina moja. Yupo mtafiti wa ng'ambo, yupo mwanafunzi mwenye kazi ya kesho, yupo mpiga ngoma wa Malaba anayetaka mdundo wa harusi, na yupo aliyefiwa. Waulize wanakuja kutafuta nini kabla hujagusa kitu. Usimdai mtu namba asiyoijua; muulize anachokumbuka. Andika jina la mwimbaji kama watu wake wanavyolitamka. Na rekodi ya kwanza usiifute, hata wakubwa wakikwambia nafasi imekwisha.

Mungu akupe sikio la subira na mkono mzito wa kukata. Na kila atakayekuja kwako akimtafuta mtu wake, amkute.