Mume Wangu Nyuma na Makreti, Gari Linaelekea Ziwani

Niseme ukweli tangu mwanzo nisije nikajipamba: siku ile niliaibika mbele ya kivuko kizima cha Kigongo, na kila kilichotokea nilikileta mwenyewe kwa mikono yangu miwili, hakuna shetani wala mchawi wa kumsingizia. Waliokuwepo bado wanaisimulia (nimewahi kuisikia ikisimuliwa saluni, na msimuliaji hakujua kwamba mhusika ndiye mimi niliyekaa pembeni yake na rola kichwani, nacheka kinafiki), lakini wanaijua nusu tu, ile ya gari. Nusu ya pili, ambayo ndiyo aibu yenyewe, tulikuwa tunaijua watu wawili, mimi na mume wangu, Baba Kabula, na leo nawaambia na nyinyi.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara zimefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Mimi nilianza na meza ya vitenge, nikapanda mpaka nikapata duka la vitambaa pale Mirongo, duka lenye kioo na kabati. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, mtu wa kusoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo. Basi nikajinyima, nikaweka, nikanunua gari. Na sikununua mtumba, jamani! Gari jipya, la dizeli, la familia, refu, lenye harufu ile ya plastiki ambayo ukiivuta unajiona umefika. Muuzaji aliniweza kwa viti. Alivuta kamba, kiti cha kati kikajikunja kikasogea mbele, akabonyeza kitu kule nyuma, vile viti viwili vidogo vinavyotazamana vikapanda vikashika ubavuni, akavishusha, akavipandisha tena. "Mama, hapa watu saba. Hapa watu wanne na magunia. Hapa unatandika godoro unalala." Nikakunja uso nikajifanya nafikiri, kumbe nilishanunua tangu lile la magunia. (Sisi Wahaya tunasemwa kwa kupenda kuonekana. Mimi natoka Muleba, na mwaka ule sikuliangusha kabila.)

Sasa, baba mkwe wangu, Mzee Masanja, mfugaji wa upande wa Sengerema, alipopata habari kwamba mkwewe amenunua gari na analiendesha mwenyewe, na mwanawe hata kushika usukani hajui, hakugomba. Alisema neno moja tu, likavuka ziwa likanifikia: "Mwanamke akishika usukani, magoti yanasahau kazi." Basi. Hakuja kwetu mwaka mzima.

Ningeweza kuvumilia, ila binti yetu Kabula akapata mchumba. Upande wa kijana wakaomba kuja kuzungumza mahari, tukawapa Jumamosi, na kwa Wasukuma, tena kwa mzee kama yule, ng'ombe wa mjukuu hawatajwi babu hayupo. Asipokuja, wageni wanarudi kama walivyokuja, na Kabula anabaki na sifa ya binti ambaye babu yake amemkataa. Tukatuma mtu kumbembeleza. Jibu likarudi kwamba atavuka Jumamosi asubuhi, nimpokee pale pale Kigongo, anione kwa macho yake. Akiridhika atafika mjini. Asiporidhika, kivuko si kinarudi Busisi, ng'ambo kwake?

Mnaona uzito wake. Mimi nikaona nafasi ya kujisafisha.

Asubuhi ile nilipitia kwanza kuchukua soda na bia za wageni. Ningeweza kuzishusha nyumbani, lakini nilitaka Mzee alikute gari limejaa neema, kwa hiyo nikakunja kiti cha kati, makreti yakapangwa pale mpaka usawa wa dirisha. Kikabaki kiti cha mbele, ambacho nilikuwa sijaruhusu mtu akikalie, kimevaa bado nailoni yake ya dukani (msinicheke, wengine nawajua mna makochi yana nailoni mpaka leo), na vile viti vidogo vya nyuma kabisa.

Nilipompitia nyumbani, Baba Kabula akashika mlango wa mbele.

"Hapo hapana," nikamwambia. "Hapo ni pa Baba."

"Si nitampisha tukifika?"

"Utaikunja nailoni, na suruali yenyewe ina chaki. Panda nyuma, ni mwendo mfupi tu."

Alinitazama kidogo. Akazunguka, akapanda nyuma, akakaa ubavu ubavu magoti yamefika kifuani, kreti zimemziba mbele, nami nikamfungia mlango kwa nje, kwa sababu ule wa nyuma ulikuwa haufunguki kwa ndani. Nikawasha redio. Mnielewe, wakati ule sikuona kitu. Niliona nimepanga gari vizuri.

Kufika Kigongo nikapita foleni ya malori kwa madaha, nikajisogeza mpaka kwenye mteremko unaoshuka majini, kwa sababu sikuwa navuka, nilikuwa nampokea mkubwa wangu. Kivuko ndiyo kwanza kimefika, watu wa miguu wanashuka. Na sasa sikilizeni ujinga. Gari lile la dizeli ukitaka kuliwasha ilibidi ungoje kitaa fulani cha njano kizime kwanza, na mimi nilikuwa naona aibu kungoja mbele za watu, wangesema gari jipya limegoma. Kwa hiyo sikuzima. Niliacha linanguruma, gia haipo, mguu wangu wa kulia umekanyaga breki.

Nikamwona Mzee anapanda mteremko, kofia yake, fimbo yake, na mdogo wake nyuma kabeba kifurushi. Naye akaniona. Akasimama akaegemea fimbo, ananingoja, na mimi kichwani nikawa na jambo moja tu: magoti. Nikafungua mlango, nikaruka, nikakimbia hatua kama kumi, nikajitupa chini kwenye kokoto na gauni langu la kitambaa cha dukani, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

Hakujibu. Mnajua wazee. Aliacha salamu ielee, watu waione. Na watu waliiona, maana mwanamke kutoka kwenye usukani wa gari jipya na kupiga magoti kwenye kokoto si kitu cha kila siku, na mimi moyoni nikasema, naam, leo tumemaliza.

Nikasikia kokoto zinasagika. Nikainua jicho, nikaona gari linanipita pembeni taratibu, mlango wa dereva umeachama. Breki ya mkono, jamani. Breki ya mkono ilikuwa haijavutwa.

Watu wakaruka huku na huku. Likanipita, likateremka, na kwenye kioo cha nyuma nikamwona Baba Kabula, viganja viwili kwenye kioo, mdomo unasema maneno ambayo sikuyasikia. Tukawa tunatazamana hivyo hivyo, yeye anakwenda ziwani, mimi nimepiga magoti.

Kwa nini sikuinuka? Nimejiuliza miaka yote. Nilivyofundishwa, huinuki mkubwa hajaitikia, na mwili wangu ulikuwa umeshika hilo tu. Mzee ndiye aliyepiga kelele: "Simama! Gali! Gali inaenda!" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Hujaitikia, baba."

Muuza ndizi mmoja akadakia, "Huyu mama anasali! Mwacheni amalize!" Kigongo nzima ikaangua kicheko.

Ndipo nikainuka nikakimbia, kiatu kimoja kikabaki. Gari lilikwepa gati lenyewe kwa neema za Mungu, likaingia majini pembeni kwenye matope, pua ikazama mpaka taa, makreti yakaserereka mbele yakaenda kupiga dashibodi, nikasikia chupa zinapasuka moja moja. Injini bado inanguruma ndani ya maji, dizeli bwana, kisha ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Wanaume wakaingia majini wakafungua mlango wa nyuma. Baba Kabula akashuka. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini suruali imelowa, miwani imekaa upande, na watu wanamshangilia wakimpa pole za kejeli. "Mwalimu, pole na safari!" Mwingine akasema, "Mama, ungetuambia unamtosa, tungekusaidia!" Hata wanafunzi wake wa zamani walikuwepo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee alikuwa ameshuka taratibu mpaka kwenye maji. Alichungulia gari, dirisha hadi dirisha. Aliona kiti cha mbele kitupu, kinang'aa nailoni, sasa kimemwagikiwa soda. Akaona kule nyuma palipotoka mwanawe. Akageuka, hakuniuliza habari ya breki wala gari limegharimu nini.

"Kwa nini mwanangu alikuwa nyuma?"

Lile swali lilikuwa langu, na jibu nilikuwa nalo: kwamba nilimwona mume wangu atachafua nailoni. Nilijua nikilisema, Mzee anapanda kivuko anarudi, na Kabula wangu basi tena. Lakini msinipe sifa, sikunyamaza kwa ajili ya Kabula peke yake. Niliona haya.

Baba Kabula akafuta miwani kwa shati. "Ni mimi mwenyewe niliyetaka, baba. Nikikaa mbele nasikia kichefuchefu. Kule nyuma kuna hewa."

Mtu ambaye kwa miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumsikia akidanganya hata mkopeshaji. Alimtazama baba yake machoni, akadanganya, mbele ya watu waliokuwa wanamcheka.

Mzee akakubali kwa kichwa, polepole. Kisha akanigeukia mimi, mguu mmoja una kiatu, mmoja peku, magoti yanavuja damu. "Marahaba, mama," akasema. "Twende kwa wajukuu."

Tukaenda kwa lori la mtu wa mchanga aliyetuhurumia, gari likaja kuvutwa baadaye. Wageni walikuja, ng'ombe walitajwa, Kabula akapata heshima yake. Mimi nilijificha jikoni siku nzima nikisingizia pilau. Jioni nikamwambia mume wangu, nisamehe. Akasema bila hasira yoyote, "Ningesemaje? Kwamba mke wangu ananipanga na makreti?" Akaenda kuoga. Afadhali angenitukana.

Mngefikiri yameisha. Gari likatengenezwa, likapona, na Mzee akalipenda. Akawa anakuja kila baada ya miezi, na kila tukitoka naye, Baba Kabula akigusa tu mlango wa mbele, Mzee anasema kwa upendo kabisa, "Hapana, hapana, mwacheni mwanangu nyuma, hapa mbele atatapika." Kanisani nyuma. Msibani nyuma. Siku ya harusi ya Kabula, baba wa bibi harusi alikwenda kanisani ndani ya suti mpya, amekunjwa kwenye kile kiti kidogo, magoti kidevuni, nami nipo kwenye usukani namwona kwenye kioo, amefungua kidirisha kama mtu anayehitaji hewa kweli, kwa ajili ya baba yake. Sentensi moja tu kutoka kwangu ingemtoa kule. Kila safari nilijiambia leo nitaisema, na kila safari nikaongelea barabara.

Mzee alifariki akiamini hivyo. Tulipotoka kumzika, nikatangulia kumfungulia Baba Kabula mlango wa mbele, nikasimama nimeushika. Kugeuka, hayupo. Alikuwa ameshazunguka, ameingia nyuma, amekaa, anangoja nimfungie mlango.

Nikamwambia, "Baba Kabula, njoo mbele." Akashtuka, akasema, "Ah, mazoea."

Ndiyo maana siku hizi mkipanda gari langu mnaniona sigusi ufunguo mpaka nimemuuliza yeye kwanza, wewe unataka kukaa wapi, hata kama tumechelewa, hata kama mnapiga honi. Nimeapa, na nitaapa tena. Ila mara nyingine ananijibu nyuma, na mpaka leo siwezi kujua kama ananitania.