Matanga ya Saa Mbili

Sylvestre hula nusu sahani na kuisukuma, hata kama njaa bado inamuuma. Chai yake haina sukari. Bosi wake akimfokea kiwandani Saltley, humjibu kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani. Tabia hiyo aliianza kambini, tulipokuwa wakimbizi. Kisha hapa ughaibuni, Erdington, akakuta maktabani kitabu cha wanafalsafa wa kale wa Uyunani, waliosema mtu atawale tamaa na hasira zake. Akafurahi mno, yaani alitabasamu.

Mimi Rosalie, jirani yao, sina kiasi. Nikicheka, nyumba ya tatu wanagonga ukuta.

Mwaka jana Francine, mke wa Sylvestre, alifiwa na mama yake huko nyumbani Uvira. Kwetu mfiwa hutandikiwa godoro sebuleni, viti vikatolewa, na wanawake hukaa naye chini juma zima wakilia, wakiimba, wakimlisha. Tulikuwa tumekaa saa mbili tu Sylvestre alipoanza kurudisha viti.

"Mama Lionel," alimwambia mkewe kwa jina la mtoto wao, "hata tulie juma nzima, mama hatarudia. Tulie kwa kiasi."

Nilitaka kumrushia kimojawapo cha viti vyake. Lakini midomo ilikuwa inamtetemeka. Aliamini kabisa kwamba anamwokoa mkewe. Francine akajifuta uso, akainuka, akakusanya vikombe. Tukaondoka.

Tangu siku hiyo Francine hakulia tena. Hakucheka pia. Lionel akimletea habari za shule, alimjibu "vizuri" na kuendelea kupiga pasi.

Baada ya miezi mitano Sylvestre akanigongea mlango. "Dada Rosalie, nilikosea. Kuja na wale wamama, tuanze matanga upya."

Tulikwenda saba, Jumamosi asubuhi, kabla ya zamu ya mchana ya Sylvestre. Godoro alilitandika mwenyewe. Tukaimba, tukalia kwelikweli. Francine akatupitishia chai, akamuuliza kila mmoja kama imetosha, akarudi jikoni kuosha masufuria yaliyokuwa safi. Hakukaa hata kidogo. Niliumia hadi nikaona aibu kuimba.

Mwishowe Sylvestre ndiye aliyeanguka juu ya godoro, akalia kwa sauti kubwa, akimwita mama mkwe, akimwita na mkewe.

Francine akaja mlangoni akikausha mikono. Akamtazama.

"Papa Lionel," akasema kwa upole, "utachelewa kazi."