Hua Wawili na Bunduki ya Upepo

Ukoo wetu una ugonjwa mmoja usio na dawa: kila mwanamume anajiona askari. Mababu zetu waliletwa Uganda kutoka Sudan wakiwa wamebeba bunduki za Waingereza, na tangu hapo wajukuu wao wamebeba magunia, spea za magari na majigambo. Mjomba, mdogo wake mama, ana malori mawili yanayosomba bidhaa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla. Kaka yangu anauza taa za magari zilizotumika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufyatua kitu kikali kuliko kibiriti. Lakini kaa nao kwenye kahawa baada ya swala ya Ijumaa, utadhani wametoka vitani jana. Debe tupu haliachi kuvuma, na ukoo wetu ni stoo ya madebe.

Mwaka jana mama alitoka hospitali amebaki ngozi na mifupa. Chakula kilimshinda. Nilimpikia uji, samaki, matoke laini. Alitazama, akashukuru, akageukia ukutani. Niliogopa kwamba angetuacha kwa njaa tu, na siku zile sikuona haya kulia jikoni. Hatimaye akasema angejaribu mchuzi wa hua, ule aliokuwa akipikiwa na mama yake kila alipojifungua. Si njiwa wa kufugwa wa soko la Owino; hao, alisema, wananuka pumba. Hua wa porini.

Mtu mwingine angetega wavu. Mjomba alisikia maneno hayo yote akaelewa neno moja ambalo halikusemwa: bunduki.

Ruhusa ya polisi aliihangaikia mwenyewe, na siku ilipotoka alivaa suruali yenye mifuko mingi, akatukokota mimi na kaka hadi duka moja la vifaa vya michezo na uvuvi mjini. Muuzaji, Mkenya mwenye ulimi wa asali, alituwekea mezani bunduki mbili za upepo, zile za bei ya chini za mtu anayeanza. Zilifanana kama mapacha, isipokuwa tundu la mtutu. Moja ilikula risasi ya milimita nne na nusu, nyingine ya tano na nusu.

"Hii ndogo, Haji, risasi yake inaenda mbio na imenyooka," alisema. "Kwa ndege mdogo inatosha. Hii kubwa ni nzito, inachelewa kidogo, lakini ikigonga, imegonga."

Mjomba aliinyanyua ile ndogo kwa vidole viwili, kama amepewa soksi chafu. "Hii ni ya watoto. Mimi babu yangu alikuwa askari, nabeba hii?"

"Basi Haji, kubwa ndiyo yako," Mkenya akasema, hata pumzi hakuvuta. Mjomba angetaka kuwindia ufagio, yule bwana angemfungia ufagio kwenye gazeti.

Kaka naye akatoa darasa. Alikuwa ameangalia video mbili kwenye simu, basi tukaelezwa uzito wa risasi, nguvu ya springi na namna ya kukisia upepo. Ndani ya duka, chini ya feni.

Mimi niliuliza jambo moja tu. Hua akigongwa na hiyo kubwa, kisu kitamkuta hai? Maana risasi haichinji, inagonga, na ndege akifa kwa pigo kabla ya kuchinjwa ni mzoga. Mtoto wa madrasa anajua hilo. Na mama yangu si mtu wa kulegeza mambo hayo, hata akiwa kitandani.

"Wewe mwana, mambo ya bunduki wachia wanaume," mjomba alisema. "Enda tayarisha sufuria."

Tukatoka na tano na nusu.

Waliwinda kwenye shamba la rafiki yake, nyuma ya Port Bell, si mbali na gereza, mahali ambapo mwenye akili timamu hapasui hata puto. Adhuhuri walirudi na hua wawili wamenyonyolewa, shingo zimekatwa. Kaka alinikabidhi kwa mikono miwili, kifua mbele, kama anayetoa nishani. Nikamuuliza kama aliwachinja.

"Na bismillahi juu yake," alijibu.

Nikawasha jiko. Niliweka tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kidogo, kama mama alivyonielekeza kutoka kitandani. Mchuzi ulipofika chumbani, aliunusa, akaketi mwenyewe bila kushikwa. Hasira yangu yote iliniisha. Nilimpenda hata mjomba, kwa muda mfupi. Mama akachota kijiko, akapuliza.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni akisubiri sifa zake, na sifa zilichelewa.

"Dada, ungeona! Hii tano na nusu si mchezo. Ndege ilikufa huko huko juu ya mti. Yote mbili! Sisi tuliokota tu."

Kaka akainamisha kichwa. Ningeweza kuwapiga wote wawili kwa ule mwiko. Mama hakumkaripia mdogo wake. Alirudisha kijiko polepole, akapangusa vidole kwenye kanga, akajilaza tena.

"Ahsanteni," alisema, na bakuli limejaa. "Nimeshiba."