Mihogo ya Jumatano ya Majivu

Kwa miaka minne niliyoshona viatu ubavuni mwa kibanda chake pale Mkuyuni, sikuwahi kumwona Mama Mutayoba akipakua chakula ambacho hajakionja. Ataonja maharage, ataonja mchuzi, ataonja hata maji ya kunywa. Kisha atasuuza kijiko na kuonja tena, kana kwamba maharage yamebadilika alipogeuka kumsalimia mtu. Tulimcheka sana. Mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote, maana mdomo wangu haujawahi kujua kukaa.

Jina lake ni Prudencia. Mutayoba ni mwanawe wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa anasoma seminari kwao Bukoba. Mama huyu aliletwa Mwanza na mumewe karani. Mume akafariki, naye akapata kazi ya upishi kwenye kantini ya kiwanda cha nguo. Ikaja miaka ile ya kubinafsisha na kupunguza watu. Kiwanda kikafunga kantini kwanza, halafu kikajifunga chenyewe. Wenzake waliendelea kwenda getini kila Jumatatu kuuliza habari za kiinua mgongo. Yeye alinunua sufuria mbili kubwa za ile kantini, akagonga benchi mbili na mabati sita, akawa mama ntilie.

Mboga hakununua. Kwake Mkolani, katikati ya mawe, alipanda kila kitu kilichokubali kuota: mchicha, matembele, mgagani, nyanya chungu, na migomba mitatu aliyoimwagia maji ya vyombo huku akiisemesha Kihaya. Mgagani wake alioupika kwa maziwa uliwafanya watu wa ofisini watoke mjini Nyamagana saa sita mchana, wakae nasi kwenye benchi na suruali zao zenye pasi. Niliwashonea viatu wengi wa aina hiyo wakiwa wanakula, kwa hiyo sina ninachoweza kulalamika.

Mwaka 1997 ulianza bila mvua. Vuli ilitupita kama mgeni asiyetujua, na unga wa mahindi ukapanda bei mpaka ugali ukawa chakula cha sikukuu. Mimi ninaitwa Mayala, jina ambalo kwetu Usukumani hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, na mwaka ule nilianza kuona kuwa wazazi wangu walinipa jina la kudumu. Mama Mutayoba hakufunga kibanda. Jirani yake wa Mkolani, Mzee Shimba, alikuwa na shamba la mihogo, akamwambia achimbe atakavyo, naye akawa anampelekea mzee chakula kilichopikwa. Basi asubuhi zetu zikawa za mihogo ya karanga na mgagani pembeni, na hakuna aliyenung'unika.

Jumatano ya Majivu ikaangukia Februari. Kanisa lenyewe siku ile linamruhusu mtu mlo mmoja na vitu vidogo viwili vya kumshikiza, lakini Mama Mutayoba hakupenda mambo nusunusu. Kwake hakikupita kitu kooni tangu alfajiri hadi aliporudi misa ya jioni, na nadhani hata mate yake aliyameza kwa mashaka. Siku nyingine zote, kabla ya kumenya muhogo, alikata ncha yake na kuitafuna mbichi. Siku ile hakukata wala hakutafuna. Alimenya, akakatakata, akachemsha, akamimina karanga, akatupakulia.

Nilipouma kipande cha kwanza ulimi ulishtuka kwa uchungu. Nikaangalia mgagani, nikaulaumu mgagani.

"Mama, leo mboga imekununia," nilisema.

Alishika kijiko, akakiangalia, akakirudisha kwenye bakuli la maji. "Nimefunga leo, Mayala. Kula, acha maneno."

Nikala. Nikaomba na ya kuongeza.

Yapata saa nne Mzee Shimba alifika na baiskeli yake, anapita kwenda sokoni. Mama Mutayoba alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba na kukaa benchini kupumzika. Akauliza kwa upole tu, kama mtu anayeulizia hali ya watoto, "Nimeona umechimba yale matuta ya pembeni. Umeiloweka wapi? Usiitoe majini kabla ya siku nne."

"Kuloweka nini, mzee?"

"Mihogo. Ile ya kando ya mawe ni ya udaga."

Hapa lazima nieleze, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa ni kutoeleza. Kwetu mtu akilima mihogo, ile mitamu anaipanda ndani ya shamba na ile michungu anaizungusha pembeni. Mwizi hung'oa ya pembeni na kukimbia, na adhabu yake anaipata huko aendako. Mwenye shamba naye huimenya, huiloweka siku kadhaa, huianika na kuitwanga ikawa udaga, na ugali wake hauna neno. Lakini ukiichimba na kuichemsha siku hiyohiyo, inaua. Jambo hili kwetu halifundishwi. Mtoto analijua kabla hajajua kufunga kaptula. Kwa hiyo Mzee Shimba hakuona sababu ya kumwambia mtu mzima. Na Mama Mutayoba amekulia kwenye migomba, ambako mkungu hauna tabia ya kukuvizia. Asubuhi ile alikuta ardhi ya ndani imekauka, jembe linadunda, na pembeni udongo laini kwa sababu mzee alikuwa amechimbachimba jana yake. Akachimba palipomrahisishia.

Hakupiga kelele. Alifunika sufuria, akaegemea mfuniko kwa mikono yote miwili kama anayezuia kitu kisitoke.

"Mmekula wangapi?" aliniuliza.

Niseme wazi kwamba mimi sikuwaza wenzangu. Niliwaza tumbo langu. Mara ile ile kichwa kikawa chepesi na miguu ikafa ganzi, na mpaka leo sijui kama ilikuwa sumu au ilikuwa hofu. Nilikumbuka habari aliyotusimulia bibi yangu, ya nyumba moja kule Kwimba iliyokutwa kimya asubuhi, watu sita na mbwa, mwaka wa njaa kama huu. Nilikuwa nimeongeza. Ndilo lililokuwa likizunguka kichwani: nimeongeza, niliomba mwenyewe.

Yeye alikuwa anahesabu kwa sauti. Mafundi ujenzi watatu. Josephat fundi cherehani. Mpiga debe wa kituoni. Mimi. Tulipogeuka kumwangalia Josephat, tulimkuta ameinama nyuma ya cherehani yake anatapika, akidhani ni malaria.

"Na bakuli," alisema Mama Mutayoba.

"Bakuli gani?"

"La Selina."

Selina alikuwa muuza mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka kiwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Aliyakaanga barabarani, yeye mwenyewe akila hayohayo. Lakini kila asubuhi alileta bakuli la bati apakuliwe chakula cha mwanawe, Kabula, mtoto wa miaka minne. Mtu mzima atatapika na kulaani. Mtoto wa miaka minne aliyemaliza bakuli zima ni habari nyingine, na wote watatu tulilijua hilo bila kulitamka.

Mzee Shimba alibaki kuwatafuta wale wengine na kuwapeleka hospitali. Alitupa baiskeli twende nyumbani kwa Selina, juu mlimani. Tuliiacha chini ya mlima, kwa sababu nyumba za huko juu zimekaa juu ya majabali na njia yake ni ya mbuzi. Mama Mutayoba alikuwa mnene, na hajatia kitu tumboni tangu jana, lakini alinitangulia. Alipanda akishika mawe kwa mikono, akisali Kihaya, akikosea na kuanza upya. Mimi nyuma nilikuwa nasikiliza moyo wangu. Kila ulipodunda vibaya nilisimama.

Katikati ya mlima nilishindwa kunyamaza. "Mama, niliusikia ule uchungu."

"Najua. Uliniambia." Hakugeuka. "Uliniambia, nikaona unanitania kama siku zote."

Mnajua, nimetukanwa sana katika kazi yangu, na sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale. Kwa miaka minne nilikuwa nimemzoesha mama yule kwamba kinywa changu hakina neno la kweli.

Tulimkuta Selina mlangoni anapanga ndoo zake, tayari kurudi barabarani. Alishangaa kutuona, akatukaribisha.

"Kabula yuko wapi?" aliuliza Mama Mutayoba.

"Amelala. Leo kanisumbua kweli, hataki kula. Nimemchapa ndipo akamaliza."

Mama Mutayoba alimpita bila kuomba ruhusa. Ndani mlikuwa na giza kidogo. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, amejikunja, na matapishi meupe shavuni. Alipomnyanyua, kichwa kikaanguka nyuma na mikono ikaning'inia. Anapumua, lakini pumzi inakuja, inakwenda, inakawia, na katika kule kukawia sisi nasi hatukupumua. Selina aliangusha ndoo.

Sikumbuki vizuri tulivyoshuka. Nakumbuka nilimbeba mimi na kwamba alikuwa mwepesi kupita kiasi. Nakumbuka niliogopa kukanyaga vibaya nikamwangusha majabalini, nikaogopa pia kwenda polepole. Chini Selina alipanda nyuma ya baiskeli na mtoto kifuani, mimi nikaendesha, na Mama Mutayoba akabaki anakimbia nyuma yetu, kandambili mkononi, akiniita, "Twende, Mayala, twende, baba," hata sauti yake ilipopotea nilikuwa bado naisikia.

Hospitali walimpokea mbio. Nesi aliuliza amekula nini, na mimi nikajibu, muhogo mchungu wa kuchemsha. Akaniangalia kwa namna ambayo singependa kuangaliwa tena, akaingia na mtoto ndani na kufunga mlango. Mimi nilitoka nje, nikashika uzio, nikatapika mpaka magoti yakagusa chini. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kushukuru kwa kutapika.

Mama Mutayoba alifika jasho linamtiririka. Alikaa sakafuni karibu na miguu ya Selina, ingawa benchi lilikuwa na nafasi.

"Selina, nimempa mwanao sumu," alisema. "Mihogo ilikuwa michungu. Sikuionja. Nilikuwa nimefunga."

Nilitegemea Selina ampige, na nisingemzuia. Lakini Selina alikuwa kama hajamsikia. Alisema polepole, akiuangalia ule mlango uliofungwa:

"Aliniambia. Alisema, mama, mchungu. Nikamwambia watoto wa wenzako wanalala njaa. Akasema tena, mama, mchungu. Nikachukua fimbo."

Baada ya hapo wakamleta Josephat, wakawaleta mafundi wawili wamekamatana mabegani, wa tatu akaja mwenyewe akiwa mzima na mwenye hasira. Mpiga debe alionekana kituoni akiita abiria kama kawaida. Kila mlango ulipofunguliwa tulisimama wote, na kila mara alikuwa nesi anayekwenda kuchukua kitu. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Nilijaribu kusali nikakuta sijui nianzie wapi. Nilimwogopa daktari kabla sijamwona, kwa sababu ndiye angetoka na neno.

Alitoka saa kumi. Akasema mtoto amefumbua macho, ameomba maji, na usiku huo atalala palepale na dripu yake. Selina aliinuka na kuingia ndani. Mama Mutayoba aliweka paji la uso sakafuni na kulia kwa sauti, hata wagonjwa wakachungulia.

Habari za hivi haziishi hospitali. Mkuyuni nzima iliambiana kwamba Mhaya amelisha watu sumu. Wengine walisema ni uchawi, wengine walisema aliyataka hayo siku nyingi. Kibanda kilifungwa siku tisa. Siku ya kumi alirudi, akawasha moto, akapika maharage na wali kidogo, akakaa nyuma ya sufuria na mikono mapajani. Watu wa suruali za pasi walivuka barabara na kupitia upande wa pili. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nagonga soli moja tangu asubuhi. Niliogopa, na niliona aibu ya kuogopa, na hakuna kati ya hivyo viwili kilichoninyanyua kwenye kigoda changu.

Mchana Selina akaja, amemshika Kabula mkono. Mtoto alikuwa amekonda shingo. Selina alimkalisha kwenye benchi, akakaa kando yake, akasema, "Shikamoo, mama. Mpakulie mtoto."

Mama Mutayoba alichukua sahani. Mwiko ulifika mpaka kwenye maharage ukasimama. "Siwezi," alisema. "Selina, mwanangu, sithubutu."

Selina aliinuka, akamtoa mwiko mkononi taratibu, akapakua mwenyewe na kuiweka sahani mbele ya mwanawe, kisha akakaa tena. Nikaacha nyundo, nikaenda kukaa mwisho wa benchi lilelile. Kabula aliinamia chakula, akakinusa. Hakugusa kijiko. Alinyanyua macho kumwangalia mama yake, na nikaona mabega yake madogo yamepanda juu, yanangoja.

"Usipokitaka, mwanangu, kiache," alisema Selina. Mikono yake alikuwa ameikalia.

Mtoto alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akachukua punje chache za wali kwa vidole, akaziweka mdomoni, akatafuna, nasi watu wazima watatu tukamwangalia mpaka alipomeza.