Kimya Nje ya Dirisha

Hebu fikiria sebule ya nyumba ya kutunzia wazee hapa Sydney, wakati ule wa korona, wageni wamekatazwa kuingia. Dirishani ameketi bibi aliyepoteza kumbukumbu. Tangu milango ifungwe, anakataa chakula. Nje, kwenye nyasi, wazee wenzake wa kanisa la Wakweka, Wakristo wanaojiita pia Marafiki, wameketi kwa kuachiana nafasi, barakoa usoni, na hawasemi neno.

Nilikuwa mlangoni, nimeleta nguo za jirani yangu anayetunzwa humo. Mhudumu Mkongomani, bakuli la uji mkononi, alimnong'oneza muuguzi Mkenya aliyezipokea: "Dada, hawa banaomba ao banalala?"

"Wanaomba; ibada yao ni kukaa kimya. Mimi pia ni Mkweka, ila kwetu Kakamega tunaimba mpaka mabati yatetemeke."

"Sasa bila wimbo, Mungu atajua aje kama bamefika?"

Muuguzi alicheka, kisha akatueleza kwamba zamani, wagonjwa wa akili walipokuwa wakifungwa minyororo, Wakweka walijenga nyumba za kuwatunza kwa upole.

Ibada yao huisha kwa kupeana mikono. Siku hiyo hawakuthubutu kugusana, kwa hiyo kila mmoja aliinua tu mkono wake. Bibi, asiyekumbuka hata jina lake, akaweka kiganja kwenye kioo. Halafu akamgeukia mhudumu, aliyekuwa amerudi kando yake na uji, akafungua mdomo.

Kijiko kilibaki hewani. "Kumbe alikuwa ibadani!" mhudumu akasema, ndipo akamlisha.

Msomaji wangu, ukienda kumwona mgonjwa ukakosa la kusema, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: keti.